Kichwa, Tela na Ngumi ya Kushoto

Ngumi ya kushoto ilipotea siku ya kwanza, kabla hata ya adhana ya magharibi. Shemeji yangu ni baharia, na safari hiyo meli yao ilikuwa imepita Yokohama. Alikuja Mbagala na boksi lenye dirisha la plastiki, akampa mwanangu wa miaka tisa. Ndani mlikuwa na lori: kichwa chekundu, tela la kijivu, matairi ya mpira kabisa.

"Hili si lori, mjomba," akamwambia. "Subiri uone."

Akakaa mkekani akaanza kulikunjua, na haikupita dakika moja lori likawa limesimama kwa miguu miwili. Mtoto alipiga ukelele mpaka jirani akaja kuchungulia dirishani. Baada ya saa mbili roboti ilikuwa na mkono mmoja usio na kiganja, na nyumba nzima imepinduliwa: makochi, zulia, mpaka debe la unga.

Mimi ni fundi wa moldi. Kiwanda ninachofanyia kazi, huku Barabara ya Nyerere, hutoa ndoo, mabeseni, viti na vifuniko vya chupa, na kazi yangu ni kile chuma ambacho plastiki ya moto husukumwa ndani yake ikatoka na umbo. Kwenye kamusi utakuta kalibu. Karakana tunasema moldi. Kwa hiyo wenzangu nyumbani walipokuwa wanafagia chini ya kabati, mimi niliinua mkono wa roboti kuangalia ngumi ilikotokea. Haikuvunjika. Ngumi huchomekwa tu pale, kama kifuniko cha kalamu, na unapotaka lori huna budi kuzichomoa zote mbili na kuziweka kando. Aliyebuni mdoli huu ameonyesha akili ya ajabu kila mahali, kisha alipofika kwenye viganja akaamua kuvitoa nje. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Roboti hii inaitwa Optimus Prime, na aliyoileta shemeji ni toleo la marudio la ile iliyoingia madukani Marekani mwaka 1984. Lakini moldi yake ni ya zamani kuliko jina lake. Kampuni ya Kijapani iliyoitwa Takara ilikuwa na midoli ya mfululizo wa Diaclone tangu 1980: mashine za vita zinazoendeshwa na vijitu vya sentimeta 3 hivi, vyenye sumaku nyayoni. Mwaka 1982 wakaingiza magari ya kawaida ya barabarani yanayogeuka roboti, na lori letu likafuata. Hasbro, kampuni ya Rhode Island, ikachukua midoli hiyo, ikaichanganya na mfululizo mwingine wa Takara ambamo bastola, kinasa sauti cha kaseti na vigari vidogo navyo viligeuka roboti, ikaipa yote jina moja: Transformers. Majina na tabia za roboti hizo ziliandikwa huko Marvel, kwa wachapishaji wa katuni, nyingi na Bob Budiansky. Jina Optimus Prime lenyewe lilitoka kwa mwandishi Dennis O'Neil. Katika hadithi hiyo mpya roboti hazina dereva. Ni viumbe hai kutoka sayari ya mbali.

Ila chuma cha moldi hakisomi hadithi. Ukimfungua Optimus kifua, mle ndani bado kuna nafasi ya kukaa dereva. Viti vimekaa vitupu zaidi ya miaka 40, kwa sababu kubadili hadithi ni wino tu, kubadili moldi ni chuma na pesa. Sisi tuna beseni lenye sikio moja lisilo na kazi yoyote. Mteja wa zamani alitaka pa kulitundikia, mteja akaenda zake, sikio likabaki.

Anayetaka kucheka zaidi amtazame Ironhide, mwenzake Optimus wa mwaka uleule. Huyu ni Nissan Vanette, gari ambalo yeyote aliyewahi kuhamisha godoro mjini Dar es Salaam analijua. Ukilifungua, gari linakatika: sehemu ya mbele inakuwa mwili wa roboti, sehemu ya nyuma inakuwa jukwaa la silaha. Kichwa hakuna. Nyuma ya kioo cha mbele kuna kiti, na kwenye kiti pamebandikwa stika yenye uso. Kwenye katuni ya televisheni walimpa kichwa kamili, na nadhani kuna watoto wengi wa miaka ile waliofungua boksi wakakaa kimya.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni gumu, na nianzie kwenye kitu ninachokijua. Chukua ndoo. Ni pana juu na nyembamba chini, na watu wengi hudhani ni ili zipangike dukani. Inasaidia, lakini sababu ya kwanza ni moldi. Plastiki huingia ikiwa uji wa moto, kwa nguvu, katika uwazi ulio kati ya vipande viwili vya chuma. Ikianza kupoa inasinyaa na kukikumbatia kile cha ndani. Ukuta ukiwa wima kabisa, ndoo haichomoki, au inachomoka imechubuka. Ndiyo maana kila ukuta hupewa mteremko, hata wa digrii moja tu. Fundi wa moldi huuona mteremko huo kila anapogusa plastiki, kama fundi cherehani anavyoona pindo la shati lako wakati wewe unamsalimia.

Ndoo ni kipande kimoja na mpini. Roboti hii ina makumi ya vipande, na kila kimoja kina mteremko wake, mstari wake pale moldi zilipokutana, na vialama vya mviringo pale pini za chuma zilipokisukuma kitoke. Kwenye ndoo alama zote hizo tunazitupia chini au ndani, nani atazitazama? Kwenye mdoli unaogeuka huna pa kuzitupia. Kinachofichwa ukiwa lori kinatokeza ukiwa roboti, na kinachofichwa ukiwa roboti kimo barabarani ukiwa lori. Mdoli huu hauna ndani. Nilikaa nao usiku ule na tochi ya simu, nikitafuta alama za pini, na nilizipata chache sana mahali ambapo jicho la mtoto lingefika. Kwa aliyepanga hayo, huko Japani, kabla ya michoro ya kompyuta kuwa jambo la kawaida, nilivua kofia.

Nikaigeuza mara ishirini hivi. Mke wangu aliniuliza kama nami nimekuwa mtoto, nikamjibu kwamba nafanya kazi.

Na kazi yenyewe ni hii. Kiswahili kinatusaidia kidogo na kutuchanganya kidogo, kwa kuwa mbele ya tela kuna kichwa, na roboti nayo ina kichwa. Unachomoa tela. Kinabaki kichwa cha semi, cha pua bapa, na nyuma yake ile chasisi fupi inayobeba tela, yenye matairi manne. Chasisi ndiyo miguu. Inakunjuka kutoka nyonga, inashuka chini, nyayo zinageuzwa mbele. Mikono iliyokuwa imebana ubavuni inatoka. Kichwa cha roboti kinapinduka kutoka ndani ya kichwa cha semi. Umemaliza. Tazama tena kilichotokea: kifua hakikugeuka kabisa. Madirisha mawili ya mbele, yaliyokuwa yakitazama barabara, sasa ni kifua kinachokutazama wewe. Grili imekuwa tumbo. Sehemu kubwa kuliko zote imekaa palepale, na vilivyobaki vyote vimeizunguka.

Hapo ndipo ninapoupima mdoli wa aina hii. Siulizi kwanza kama roboti ni nzuri, wala kama lori linafanana na lori. Nauliza: je, kipande kimoja kimepewa kazi mbili? Dirisha ambalo ni kifua limefanya kazi mbili. Chasisi ambayo ni miguu imefanya kazi mbili. Kipande chenye kazi moja ni mzigo, na mzigo lazima ubebwe mahali. Mara nyingi hubebwa mgongoni. Ukimgeuza roboti wa aina hiyo unakuta paa la gari, milango na boneti vimerundikwa nyuma kama mkulima aliyerudi na kuni. Nimezipa jina langu, naziita kobe: roboti nyembamba iliyovaa ganda la gari, ukilifunga ganda unapata gari, ukilifungua inatoka roboti ambayo haihusiani nalo. Optimus huyu si kobe. Hata mtu asiyemjua, ukimwonyesha roboti, atakwambia lori lake lina sura gani.

Tela, nakiri, ni kobe wa aina yake. Linafunguka likawa kambi, lina mtambo wenye mkono na kigari kidogo kiitwacho Roller, na mwanangu analipenda. Lakini roboti ikisimama, tela linabaki limeegeshwa pale bila uhusiano wowote na mwili wake. Katuni ililitatua tatizo hilo kwa kutolionyesha tela: lori likigeuka, tela linaondoka kwenye picha, na hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Filamu ndiyo iliyoharibu mambo, au tuseme iliyoyafanya magumu. Mwaka 2007 Michael Bay alipotoa Transformers ya sinema, Optimus alichorwa upya kwenye kompyuta akiwa na vipande zaidi ya 10,000, na lori likawa Peterbilt la pua ndefu. Picha ya kompyuta inaruhusiwa kudanganya. Bamba linaweza kusinyaa sekunde moja likapotea chini ya bamba lingine, na macho hayana muda wa kuhoji. Plastiki haisinyai kwa kuombwa. Wabunifu wa midoli wakaletewa mwili ambao haukupita kwenye bawaba yoyote, wakaambiwa waufanye ukunjike mkononi mwa mtoto. Walijibu kwa ustadi, na wakaingiza vijigia ndani ili ukivuta kipande kimoja kingine kijisogeze chenyewe. Lakini kobe waliongezeka sana miaka ile.

Nilimshika mmoja wa aina hiyo kazini, mali ya mtoto wa mwenzangu, jina la kampuni silisemi. Gari zuri la michezo, linang'aa. Kijana ninayemfundisha kazi alijaribu kuligeuza wakati wa chai, akaweka chini, akaniambia, "Mzee, hii inataka karatasi." Karatasi ya maelekezo ilikuwa imeshapotea. Tulipofika nusu tukakwama: huna uhakika kama kipande kinazunguka au kinavunjika, na vidole vinaogopa. Mdoli mzuri huviambia vidole. Unapovuta mahali sipo, unakataa mapema na kwa nguvu. Unapovuta mahali ndipo, unakubali na mwisho unasikia mlio mdogo wa kushika. Mlio huo una mtu aliyeufikiria.

Gari hilo lilikuwa limepasuka kwenye bawaba ya mlango, na hapa naomba msomaji anivumilie niseme habari za plastiki. Watu husema plastiki kama wanavyosema mti, kana kwamba mpingo na mpapai ni kitu kimoja. Maganda ya midoli hii mara nyingi ni ABS: ngumu kiasi, inang'aa, inashika rangi. Viungo vinavyosuguana hupendelea POM au nailoni, zinazoteleza na haziliki haraka, ingawa POM haishiki rangi wala gundi kirahisi. Pembe na ncha kali hufanywa kwa plastiki laini ili zisimchome mtoto. Na madirisha hufanywa kwa plastiki angavu kama kioo, ambayo ni nzuri kwa kutazama na mbaya kwa kazi, maana ikichomwa pini ya chuma ikabanwa kila siku, hupasuka kuanzia kwenye tundu. Sasa gari ni madirisha mengi. Mbunifu akikosa nafasi anaifanya fremu ya dirisha iwe pia bawaba, na hapo amesaini kifo cha mdoli wake. Ule mlango uliopasuka ulipasuka hivyo hasa.

Wakusanyaji wa midoli hii wana hofu nyingine, ya plastiki ya dhahabu. Baadhi ya plastiki zilizochanganywa na vumbi la kumeta za miaka ya 1980 na 1990 huoza kwa ndani. Mdoli ukiwa haujawahi hata kutolewa boksini, siku ukiugusa unavunjika kama kashata iliyokaa. Hakuna kosa la matumizi pale. Vipunje vya kumeta havikushikana na plastiki inavyotakiwa, basi. Nimewasimulia wenzangu karakana, na tangu hapo hakuna anayetaka kuweka kumeta kwenye viti.

Midoli ya mwanzo ilichanganya plastiki na aloi ya zinki, na uzito ule mkononi una heshima yake. Mtoto anajua ameshika kitu. Mwaka 2003 Takara walipoanza mfululizo wa Masterpiece, wa watu wazima zaidi kuliko watoto, Optimus wa kwanza alikuwa na urefu wa sentimeta 30 hivi na chuma tele. Wa mwaka 2011 alipunguzwa kimo na chuma kikapungua, na wengi wanaojua mambo haya wanamwona bora. Naelewa. Uzito juu ya bawaba ni adui wa bawaba. Kiungo cha mdoli hushika kwa kubanwa tu, pini ndani ya tundu dogo kidogo kuliko pini yenyewe, na tofauti inayoamua kama mkono utakaa juu au utaanguka ni ndogo kuliko unene wa unywele. Kwa viungo vinavyobeba uzito huwekwa meno ndani, ndiyo ile krr krr unayoisikia ukiinua bega.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowashinda wanaonakili. Nilikwenda Mtaa wa Kongo Jumamosi moja nikanunua feki kwa sh 12,000, kwa ajili ya uchunguzi, ingawa nyumbani hawakuniamini. Rangi safi, boksi limeandikwa maneno mengi. Lakini mikono ilining'inia na mlango haukufunga. Nilichukua venia nikapima kiungo kimoja kimoja, nikaelewa mchezo. Anayenakili kwa kuutwaa mdoli uliokwisha kutoka kiwandani na kuutengenezea moldi, anapata mdoli mdogo zaidi, kwa sababu ABS husinyaa kiasi cha nusu asilimia ikipoa, na ule wa kwanza ulikwisha kusinyaa wake. Nusu asilimia kwenye ndoo huioni. Kwenye pini na tundu lake, kila kimoja kikiwa kimesinyaa kwa namna yake, ndiyo tofauti kati ya kusimama na kulala. Na tusikimbilie kusema "Mchina" kwa dharau. Midoli mingi iliyo halisi nayo hutengenezwa China na Vietnam. Tofauti iko kwenye nani ana michoro na nani ana mdoli tu.

Hata mwenye michoro hakwepi umri wa chuma. Moldi moja hulishwa rangi tofauti na kutoa wahusika tofauti: ndege za Starscream, Thundercracker na Skywarp za mwaka 1984 ni F-15 ileile iliyopakwa rangi tatu, kama mabeseni yetu mekundu, ya bluu na ya kijani. Kadiri moldi inavyopigwa ndivyo matundu yanavyolika, na vizazi vya mwisho hutoka vimelegea. Mnunuzi hudhani ameuziwa feki, kumbe ameuziwa mwisho wa moldi.

Mtu akitaka kuingia kazi hii ya kubuni, sidhani anahitaji kuanza na kompyuta. Shoji Kawamori, Mjapani aliyebuni ndege-roboti za katuni ya Macross na kushiriki katika michoro ya Diaclone, anajulikana kwa kujaribu mikunjo yake kwa matofali ya LEGO. Inanifurahisha kwamba mwaka 2022 LEGO nao walitoa Optimus wa vipande 1,508 anayegeuka bila kubomolewa, kana kwamba tofali limerudi kudai deni lake. Nilipomwambia kijana wangu wa kazi habari hiyo, alikwenda akatengeneza lori kwa vifuniko vya chupa na waya. Linageuka kuwa kitu. Bado hatujakubaliana ni kitu gani.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote hauna uso wala miguu. Takara na Tomy ziliungana mwaka 2006, na miaka iliyofuata kampuni hiyo ilishirikiana na shirika la anga la Japani, JAXA, pamoja na Sony na Chuo Kikuu cha Doshisha, kutengeneza chombo cha kutembea mwezini chenye ukubwa wa mpira wa tenisi, au kupita kidogo: kipenyo cha sentimeta 8, uzito wa gramu 250 hivi. Kinaitwa LEV-2, na jina lake la utani ni SORA-Q. Kilisafiri kikiwa tufe, maana safarini tufe halina cha kukwama. Kikidondoshwa mwezini kinapasuka katikati, nusu mbili zinasogea mbali, kamera inachomoza, na nusu zilezile za ganda zinakuwa magurudumu.

Tarehe 20 Januari 2024, kwa saa za Japani, chombo kikubwa kilichokibeba, SLIM, kilitua mwezini baada ya injini moja kupata hitilafu, kikaishia kusimama kwa pua, miguu juu. Tunajua kwa sababu LEV-2 ilikuwa imedondoka pembeni, ikafunguka, ikakipiga picha. Chombo cha wataalamu kimepinduka, na kitu chenye asili ya duka la watoto ndicho kimesimama kinatazama. Nilimwonyesha mwanangu picha ile kwenye simu, akaniuliza kama na kile kina ngumi.

Ndipo nikarudi kwenye ngumi. Nilipima mkono wa Optimus kwa ndani, kila upande, nikitafuta mahali ambapo ningeikunja ngumi badala ya kuichomoa. Pembeni kuna ukuta wa kichwa cha semi, nyuma kuna bega, katikati kuna pini. Ningeweza kupata nafasi kama ningeupanua mkono, na nikiupanua mkono napanua lori, na lori pana mno si lori. Matoleo ya baadaye yalipata njia ya kuikunja iingie ndani, kwa vipande zaidi na bawaba zaidi. Aliyebuni hili la kwanza alilitazama kama nilivyolitazama mimi, akachagua lori, akaitoa ngumi nje. Si kwamba hakuona.

Kiwandani hatuna ABS. Tunachotumia kwa mabeseni ni PP, ambayo haishiki rangi ya kupakwa wala gundi, kwa hiyo ngumi yoyote nitakayotengeneza ingebaki na rangi ya beseni lililokuwepo siku hiyo. Nilichukua kipande kinene cha taka ya kijani, nikakibana kwenye jiriwa wakati wa mapumziko, nikakichonga kwa tupa huku ngumi ya kulia ikiwa mezani ya kunakili. Kishikio cha kwanza kilikuwa chembamba, ngumi ikaanguka. Cha pili kilikuwa kinene, kikagoma. Cha tatu nilikisugua kwa msasa, kidogo kidogo, nikijaribu kila mara, mpaka kikaingia kwa kubishana na kutoka kwa kubishana.

Mwanangu aliipokea akaigeuzageuza.

"Baba, mbona ya kijani?"

"Ya beseni."

Akaichomeka. Roboti ikasimama na ngumi ya bluu na ngumi ya kijani, bunduki ikashikwa upande wa kulia. Akacheza nayo mpaka akaitwa kula, na kwa kuwa mama yake alishakataza roboti mezani, akaanza kuigeuza iwe lori. Nikamtazama atafanyaje. Alichomoa ngumi zote mbili, akazishika kiganjani, akatazama kabati, akatazama zulia. Kisha akafungua kifua akaziketisha kwenye vile viti vitupu, ya bluu upande wa dereva, ya kijani upande wa utingo, akafunga. Ilibidi abane kwa dole gumba.